Malkia wa Kamba na Pingu

Mazingaombwe yakifika shuleni, iwe Rungwe Mpya, Kasulu mjini au Kibondo, mkoani Kigoma, anayesimama mbele ya watoto ni mwanamume. Ndiye anayemeza wembe, ndiye anayefungwa kamba akafunguka, ndiye anayemwita mtoto wa darasa la tatu na kumtoa sarafu sikioni. Mwanamke akiwamo katika kundi, mara nyingi kazi yake ni kukusanya viingilio mlangoni au kushika kofia. Tumezoea hivyo, hata hatuulizi.

Nchi zilizoifanya sanaa ya kufungwa na kujinasua kuwa kazi ya mshahara zilikuwa Marekani na Uingereza, katika karne ya 19. Huko nako jina linalotajwa leo ni la mwanamume, Harry Houdini, mfalme wa pingu. Lakini mwaka 1874, mwaka uleule aliozaliwa Houdini huko Budapest, palikuwa na mwanamke wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa tayari anafungwa na kujinasua mbele ya watu wa London, na watu wakilipa kumwona. Miaka 50 baadaye mfalme huyo alifunga safari hadi nyumbani kwa mwanamke yule, sasa ajuza, kumwomba amwambie alivyokuwa akifanya. Hii ni historia ya mwanamke huyo na ya wenzake waliofuata.

Msichana wa Ohio

Aliitwa Ann Eliza Heathman, na alizaliwa yapata mwaka 1851 Southington, kijiji cha jimbo la Ohio. Kwao palikuwa pa dhiki, akaondoka nyumbani mapema kwenda kujitafutia. Msichana asiye na mtaji wala elimu kubwa hakuwa na milango mingi: utumishi wa nyumbani, kiwanda, au ndoa. Wakati ule, hata hivyo, Marekani ilikuwa imefungua mlango mwingine usio wa kawaida, mlango wa roho za wafu.

Mwaka 1848, huko Hydesville, jimbo la New York, wasichana wawili wa nyumba moja, Maggie na Kate Fox, walidai kwamba roho ya marehemu inawajibu kwa kugonga ukutani. Habari ikaenea kama moto wa nyika. Miaka 40 baadaye, mwaka 1888, Maggie alipanda jukwaani New York akakiri kwamba milio ile ilitoka kwenye viungo vya vidole vya miguu yake. Kufikia siku hiyo imani ya kuzungumza na wafu ilikuwa imeshakuwa dini ya maelfu ya watu na riziki ya mamia. Wengi wa wapandisha roho walikuwa wanawake. Makanisa mengi yalimkataza mwanamke kuhubiri, na siasa haikumpa kura. Akipandisha roho, alisikilizwa, maana ilisemekana anayesema si yeye.

Kamba iliingia kwa njia hiyo. Ndugu wawili wa mji wa Buffalo, Ira na William Davenport, walianzisha katika miaka ya 1850 onyesho la kufungwa ndani ya kabati kubwa. Milango ikifungwa, gitaa linalia, kengele inagonga, mikono inachungulia tunduni. Ikifunguliwa, ndugu wale wamo kama walivyofungwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: sisi tumefungwa, kwa hiyo wapigaji ni roho. Kamba ilikuwa ushahidi wa mahakama, na kadiri ilivyokazwa ndivyo miujiza ilivyozidi thamani. Aliyejua kutoka kwenye kamba na kurudi bila kuacha alama alikuwa na utajiri mikononi.

Ann Eliza aliijua kazi hiyo. Alijipa jina la Anna Eva, na la ukoo akalichukua kwa mumewe, Henry Melville Fay, aliyekuwa naye mpandisha roho. Mwezi Juni 1874 Anna Eva Fay alianza kuonyesha London.

Vitambaa vya pamba

Onyesho lake lilikuwa hivi. Mwanamke mwembamba, mwenye nywele nyepesi na sura ya upole, anaketi kwenye kigoda mbele ya nguzo. Watu kutoka ukumbini, wasiomfahamu, wanaitwa wamfunge. Wanazungusha vitambaa vya pamba kwenye viwiko vya mikono, wanapiga mafundo na kuyashona kwa uzi. Mikono inapelekwa nyuma na kufungwa kwenye pete iliyopigiliwa nguzoni. Shingo nayo inafungwa. Miguu inatiwa kamba, na ncha yake anaishika mtu wa ukumbini, aivute akisikia mtikisiko wowote. Mapajani wanamwekea gitaa, kengele, nyundo na misumari, ubao, glasi ya maji.

Pazia linashushwa. Papo hapo gitaa linalia, kengele inapigwa, msumari unagongwa ubaoni. Pazia linapandishwa: mwanamke ameketi kimya, mafundo yako palepale, uzi haujakatika, na maji ya kwenye glasi yamenywewa.

Siri ilikuwa mwilini mwake, na ilidai mazoezi ya miaka. Kitambaa cha pamba hunyumbuka. Mkono ukikazwa misuli wakati wa kufungwa, kisha ukalegezwa, hupatikana nafasi ndogo. Kiwiliwili kikisogezwa kwenye kigoda, nafasi hiyo huongezeka. Nafasi hiyo ilimtosha kufikia vitu vya mapajani, kufanya kelele zote zile kwa sekunde chache, na kurudi. Alipaswa kufanya hivyo gizani, kwa haraka, bila kuvuta kamba ya miguu iliyoshikwa na mtu mwenye mashaka, na kila usiku afungwe na mikono mipya. Wanaume waliokuja baadaye na kusifiwa kwa kujinasua walitegemea jambo lilelile: kuipata nafasi ile aliyefunga asiyoiona.

Tofauti yake na wao ilikuwa kwamba hakuweza kusema, “Ni mimi.” Akisema ni mimi, onyesho limekufa. Ustadi wake ulilipwa kwa sharti la kwamba usionekane kuwa ni wake.

Nyumbani kwa mkemia

Februari 1875 alikabiliwa na mtihani ambao hakuna mfungaji kamba aliyewahi kuuwaza. William Crookes alikuwa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa Uingereza, mtu aliyeigundua elementi ya thaliamu mwaka 1861. Alitaka kujua kama roho zipo kweli, na hakuamini kamba. Badala yake alitumia umeme. Kifaa kilibuniwa na Cromwell Varley, mhandisi aliyeshughulika na kebo ya simu ya maandishi iliyolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki.

Anna Eva aliketishwa katika maktaba ya Crookes, pazia likimtenga na chumba walimokaa wachunguzi. Alipewa vishikio viwili vya shaba, kimoja kila mkono, na mkondo dhaifu wa umeme ukapitishwa mwilini mwake. Upande wa pili sindano ya kipimo ilionyesha nguvu ya mkondo. Akiachia kishikio, sindano itaanguka hadi sifuri. Akivigusanisha vishikio viwili ili adanganye, itaruka juu. Hapakuwa na fundo la kulegeza.

Dakika chache baadaye kengele ikalia. Mkono ukatokeza kwenye pazia na kuwagawia wageni vitabu vilivyotoka rafuni, na baadhi yao wakapewa vitabu walivyoviandika wenyewe. Sindano haikuanguka. Crookes aliandika kwa kuridhika kwamba aliyoyaona hayaelezeki kwa ujanja, na sifa ya mwanamke yule ikavuka bahari.

Hebu tufikirie alichofanya. Ndani ya chumba asichokizoea, akichungwa na mabingwa wa kemia na umeme, msichana aliyetoka kijijini Ohio alitambua mara moja udhaifu wa kifaa chao: kilipima mwili, hakikupima mkono. Alichokifanya alikieleza miaka 49 baadaye, nasi tutafika hapo.

Waliomfichua na yeye aliyebaki

Haikuwa njia ya maua. John Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe mashuhuri wa ukumbi wa Egyptian Hall London, aliwaonyesha watu jinsi mchezo wa Anna Eva unavyoweza kuigwa bila roho yoyote. Mwaka 1876 aliyekuwa msaidizi wa Anna Eva, Washington Irving Bishop, alitoboa siri zake kwenye gazeti moja la New York, picha kwa picha, kila fundo na jinsi lilivyolegezwa. Wapandisha roho wengine waliofichuliwa hivyo walitoweka, na baadhi waliburutwa mahakamani.

Anna Eva Fay aliendelea kupanda jukwaani kwa miaka mingine karibu 50. Alichofanya ni kuacha kubishana. Matangazo yake yalimwita “Jambo Lisiloelezeka”, maneno yasiyodai roho na yasiyokana roho. Mwumini aliona muujiza, asiyeamini aliona ufundi, na wote wawili walikata tiketi. Kadiri miaka ilivyokwenda alihama kutoka vyumba vya wapandisha roho kwenda kwenye majumba makubwa ya burudani, akaongeza mchezo wa kujibu maswali yaliyoandikwa na watazamaji. Alitajirika, akajenga jumba kubwa Melrose, karibu na Boston.

Mwaka 1913 The Magic Circle ya London, chama cha wanamazingaombwe kilichoanzishwa 1905, kilimtunuku heshima ambayo hakuna mwanamke aliyeipata kabla yake: kuwa mshirika wa heshima. Ilikuwa heshima kweli, ila ya kumkaribisha sebuleni. Uanachama kamili ulikuwa wa wanaume tu.

Mjane na risasi

Njia ya pili iliyompitisha mwanamke kwenye jukwaa hili ilikuwa ujane. Adelaide Herrmann alizaliwa London mwaka 1853 kwa wazazi wa Kibelgiji, akawa mchezaji dansi, na mwaka 1875 akaolewa na Alexander Herrmann, mwanamazingaombwe aliyeongoza Marekani. Kwa miaka 21 alikuwa msaidizi wake. Katika maonyesho hayo aliwahi kurushwa hewani kutoka kwenye mzinga, na sifa zikabaki kwa aliyewasha.

Tarehe 17 Desemba 1896 Alexander alifariki ghafla akiwa safarini ndani ya treni. Aliacha jina kubwa, kundi zima la waajiriwa, na madeni. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Januari 1897, mjane alisimama peke yake kwenye jukwaa la Metropolitan Opera House, New York, mbele ya safu ya watu wenye bunduki. Mchezo ule wa kudaka risasi ulishaua wanaume kadhaa. Bunduki zililia, na yeye akazidaka risasi.

Kuanzia hapo aliitwa Malkia wa Mazingaombwe, na alibaki jukwaani zaidi ya miaka 30. Mwaka 1926, akiwa na miaka 73, ghala alimohifadhi vifaa na wanyama wake liliungua New York. Alikusanya alichobakiwa nacho akarudi kazini. Alifariki mwaka 1932. Umahiri alikuwa nao siku zote za ndoa, lakini ilibidi mume afe ndipo watu wauone.

Bess ndani ya sanduku

Wilhelmina Beatrice Rahner, aliyeitwa Bess, alizaliwa Brooklyn mwaka 1876 katika familia ya Wakatoliki wa asili ya Ujerumani. Alikuwa mwimbaji na mchezaji dansi katika kikundi cha wasichana, alipokutana mwaka 1894 na kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akihangaika kwenye kumbi za bei nafuu. Walioana mwaka huohuo. Kijana alikuwa Harry Houdini.

Wakati huo Houdini alikuwa na mchezo mmoja wa maana, ulioitwa Metamorphosis, aliokuwa akiucheza na mdogo wake Theo. Mwanamume anafungwa mikono, anatiwa guniani, gunia linafungwa na kuwekwa ndani ya sanduku, sanduku linapigwa kufuli na kuzungushwa kamba. Mwenzake anasimama mbele ya pazia, anapiga makofi matatu, anatoweka nyuma yake. Pazia linafunguka: aliyekuwa sandukuni ndiye anayesimama hapo. Kufuli zinafunguliwa, kamba zinakatwa, na ndani ya gunia yumo yule aliyepiga makofi.

Bess alichukua nafasi ya Theo, na mchezo ukabadilika. Alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa mwili, na mabadilishano yakawa ya sekunde tatu. Mtazamaji alimshangilia mwanamume aliyetoka. Mara chache aliuliza habari za aliyeingia. Kuingia ndani ya sanduku lenye kufuli na gunia lililofungwa ni kazi ileile ya kujinasua, ikiendeshwa kinyumenyume, tena na mtu aliyekuwa akionekana wima mbele ya watu punde tu kabla yake. Kwa miaka mitano ya njaa, kwenye sarakasi na kumbi ndogo, mchezo huo ndio uliowalisha. Mwaka 1899 wakala Martin Beck alipomchukua Houdini na kumwingiza kwenye majumba makubwa, alimtaka ajikite kwenye pingu na sanduku lile. Pingu zilimfanya mfalme. Bess alirudi nyuma, akawa mshonaji wa mavazi, mtunza vifaa, na mtu wa kusimama pembeni.

Tarehe 17 Machi 1904, ukumbini Hippodrome, London, Houdini alifungwa pingu ambazo fundi wa Birmingham inasemekana alizitengeneza kwa miaka mitano. Alihangaika zaidi ya saa nzima ndipo akatoka. Tangu siku hiyo yapo masimulizi kwamba ufunguo ulimfikia kwa busu la mkewe, au ndani ya glasi ya maji. Hakuna aliyethibitisha. Ila hata uvumi huo una lake la kutuambia: watu walipotafuta siri ya mfalme, walimgeukia mwanamke aliyesimama karibu.

Waliothubutu wenyewe

Pingu zilipopata soko, wanawake nao walizidai. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanamke aliyejiita Minerva alizunguka Marekani na Ulaya akijinasua kutoka ndani ya pipa lililojaa maji na kufungwa kufuli, na akiruka kutoka madarajani huku amefungwa pingu. Yeye hakutaja roho wala hakumsaidia mume. Jina kwenye bango lilikuwa lake. Mzozo wake na wapinzani uliacha tetesi za maji yaliyotiwa tindikali ili aungue, tetesi zinazoonyesha ukali wa biashara ile kuliko zinavyothibitisha mkosaji.

Mwingine, aliyejulikana kwa jina la Miss Undina, alionekana Ujerumani akiwa ndani ya sanduku la kioo lililojaa maji, kichwa chini, miguu imebanwa juu. Huo ulikuwa mchezo mpya wa Houdini, ambao aliuonyesha hadharani kwa mara ya kwanza Berlin mwezi Septemba 1912. Houdini alikuwa amejihami mapema: mwaka 1911, huko Southampton, aliucheza kama tamthilia mbele ya mtazamaji mmoja, ili ulindwe na sheria ya hakimiliki. Akamchukulia Undina hatua za kisheria. Alikuwa na haki ya kulinda kazi yake, na aliwashambulia waigaji wa kiume vilevile. Hata hivyo kesi hiyo ina ushahidi usiofutika: mwanamke aliweza kufanya mchezo wa hatari kuliko yote aliyokuwa nayo mfalme.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1918 Waingereza waliwapa kura baadhi ya wanawake waliotimiza miaka 30. Jukwaani mambo yalikwenda kinyume: tarehe 17 Januari 1921, kwenye ukumbi wa Finsbury Park Empire, London, P. T. Selbit alimlaza mwanamke ndani ya sanduku akalikata kwa msumeno katikati. Kwa kutafuta habari magazetini alimwalika Christabel Pankhurst, mpigania kura mashuhuri, aje akatwe yeye, naye akakataa. Mchezo huo ulienea duniani kuliko mwingine wowote, ukaacha picha ambayo haijatoka vichwani hadi leo: mwanamume amesimama na kifaa, mwanamke amelala. Msaidizi wa Selbit, Betty Barker, alifungwa mikono, miguu na shingo, na ncha za kamba zikashikwa na watazamaji. Ni kamba zilezile za Anna Eva Fay. Aliyefanya kazi ngumu alikuwa sandukuni, na makofi yalikwenda kwa mwenye msumeno.

Siku ya Melrose

Mwaka 1924 Houdini alikuwa kwenye vita vyake vya mwisho, vya kuwafichua wapandisha roho waliowatapeli wafiwa. Katika uchunguzi huo alikwenda Melrose kumwona Anna Eva Fay, ambaye mwaka huo alikuwa ameacha jukwaa. Mwindaji alimkuta mwindwa bustanini kwake. Badala ya ugomvi, walikaa wakazungumza kama watu wa kazi moja.

Bibi alimweleza yote. Alimwonyesha alivyoteleza kutoka kwenye vitambaa. Akaja kwenye mtihani wa Crookes: alikibana kishikio kimoja nyuma ya goti, mkondo ukaendelea kupita mwilini kama kawaida, na mkono ukabaki huru kupiga kengele na kugawa vitabu. Profesa alikuwa amelinda kila kitu isipokuwa goti. Houdini, ambaye kazi yake ilikuwa kuwadharau watu wa namna hii, aliandika habari zake kwa heshima aliyoitoa kwa wachache.

Houdini alifariki Detroit tarehe 31 Oktoba 1926. Anna Eva Fay alimfuata Mei 1927. Bess alibaki. Mumewe alimwachia ahadi kwamba kama kuna njia ya kurudi, atampelekea ujumbe wa siri, na kwa miaka kumi Bess alifanya kikao cha kumsubiri. Kikao cha mwisho kilifanyika tarehe 31 Oktoba 1936 juu ya paa la hoteli ya Knickerbocker, Hollywood, na hakuna aliyejibu. Bess alifariki mwaka 1943. Jina lake lilichongwa kwenye kaburi la mumewe, katika makaburi ya Kiyahudi ya Machpelah, New York, lakini yeye hakuzikwa hapo. Alizikwa mbali naye, kwenye makaburi ya Wakatoliki.

Mwanamke aliyejifanya mwanamume

Tuirudie The Magic Circle, maana ilichukua miaka 78 tangu ilipomtunuku Fay hadi kuwakubali wanawake kuwa wanachama. Mwaka 1991 wanawake wawili wa Uingereza, Jenny Winstanley na Sophie Lloyd, walichoka kungoja. Winstanley alikuwa na wazo, na Lloyd, mwigizaji, akawa na mwili wa kulitekeleza. Alivaa nywele za bandia, vazi la kumnenepesha na glavu za kuficha mikono, akaifanya sauti kuwa nzito, akajiita Raymond Lloyd. Alifanya mtihani wa chama, akakaa na mtahini wakapiga soga, na Machi 1991 akakubaliwa kuwa mwanachama.

Miezi michache baadaye chama kilipiga kura kuwafungulia wanawake milango. Wawili wale wakajitokeza na kusema ukweli, wakidhani watacheka pamoja na wenzao. Chama kilimfukuza “Raymond” kwa udanganyifu. Chama cha watu wanaoishi kwa kudanganya macho kilikasirika kudanganywa macho. Megan Swann alichaguliwa kuwa rais wa kwanza mwanamke wa chama hicho mwaka 2021, na Aprili 2025 Sophie Lloyd, aliyekuwa ametafutwa hadi akapatikana Hispania, alirudishiwa uanachama kwa jina lake mwenyewe. Jenny Winstanley alikuwa ameshafariki kwa ajali miaka mingi nyuma.

Upande wa Marekani, aliyemaliza ubishi ni Dorothy Dietrich, mzaliwa wa Pennsylvania. Alining'inizwa kichwa chini mamia ya futi kutoka ardhini, akiwa ndani ya koti lile la turubai lenye mikono mirefu ifungwayo mgongoni, huku kamba iliyomshikilia ikiwaka moto, akajinasua kabla haijakatika. Amedaka risasi kwa mdomo. Ndiye anayeendesha jumba la makumbusho la Houdini katika mji wa Scranton, na mwaka 2011 yeye na wenzake waliirudisha kwenye kaburi la Houdini sanamu ya kichwa chake, iliyokuwa imevunjwa miaka mingi kabla. Mlinzi wa kumbukumbu za mfalme wa pingu amekuwa mwanamke anayefanya kazi ileile, na hahitaji roho, mume wala nywele za bandia.

Somo kwa Buha

Msomaji wa Buha, nchi ya Waha katika nyanda za juu za Kigoma, anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Yana la kumwambia. Anna Eva Fay aliweza kufunguka kamba hadharani kwa sababu alijificha nyuma ya roho. Kwetu kinga hiyo ingekuwa kitanzi. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, na ambayo bado ipo, inahesabu kuwa kosa mtu kujidai ana uwezo wa uchawi. Nje ya mahakama hukumu ni kali zaidi: wanawake wazee wameuawa magharibi na Kanda ya Ziwa kwa tuhuma tu. Mwanamume akifunguka kamba ataitwa fundi. Mwanamke akifunguka, wapo watakaouliza amejifunza kwa nani usiku. Si ajabu basi kwamba mazingaombwe yetu ni ya wanaume. Kinachomzuia mwanamke hapo ni hofu, na uwezo hauhusiki.

Kwamba uwezo upo, Waha hawahitaji kuambiwa kutoka Ohio. Mwami Theresa Ntare alikalia kiti cha Heru, Kasulu, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kiti ambacho wengi walidhani ni cha wanaume, na akatambulika Tanganyika nzima. Yeye anakumbukwa kwa sababu kiti kina jina. Wanawake wa kazi za pembeni, za ngoma, za sarakasi, za maigizo, hawana bahati hiyo, na majina yao hupotea wakiwa bado hai.

Hukumu ya historia hii iko wazi. Wanawake walikuwa katika sanaa ya kujinasua tangu kamba zake za mwanzo. Waliifanya kwa jina la wafu, kwa jina la mume, kwa jina la mwanamume wa kubuni, na mwishowe kwa majina yao. Ufundi ulikuwa uleule muda wote. Kilichobadilika ni nani aliruhusiwa kuinama kupokea makofi. Atakayeandika historia ya burudani za Kigoma, za zamani na za leo, asitosheke na aliyesimama mbele. Aulize aliyekuwa ndani ya sanduku ni nani, aandike jina lake, na amwandike angali hai.